Pwagu na Pwaguzi: Wahusika Wadogo na Ushirikiano wao wa Kichekesho katika Katuni za Kiswahili

Utangulizi

Iguguno ni mji mdogo ulio kando ya barabara kuu itokayo Singida kwenda Shelui, Igunga, Nzega na hatimaye Mwanza. Hadi mwaka 2012 ulikuwa katika Wilaya ya Iramba. Tangu wakati huo umo katika Wilaya ya Mkalama. Wenyeji wake wengi huzungumza Kinyiramba au Kinyaturu nyumbani. Kiswahili wamekipata shuleni, sokoni, redioni na katika maandishi yaletwayo na mabasi. Historia ya fasihi ya Kiswahili imezoea kuanzia Lamu, Mombasa na Unguja, na huifikia bara ikiwa imechoka. Hata hivyo, wasomaji wa Kiswahili walio wengi katika karne ya 20 walikuwa watu wa mahali kama Iguguno: watu waliojifunza kusoma kwa lugha isiyokuwa ya mama zao.

Swali linalostahili kuulizwa ni hili: msomaji huyo, akiisha kumaliza kitabu cha darasani, alisoma nini kwa hiari yake? Riwaya fupi za upelelezi ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine, ambayo haijapewa uzito wake, ni katuni: picha zenye maneno machache ambazo watu waliziita vichakubanga na wengine vibonzo. Makala hii inachunguza jambo moja tu katika katuni hizo, nalo ni ushirikiano wa kichekesho baina ya wahusika wadogo. Hoja yake ni kwamba katika katuni za Kiswahili wahusika hao hawakuwa pambo la pembeni. Walishika nafasi ambayo kwingineko ilishikwa na shujaa, na kwa hiyo kicheko chao ni hati ya kihistoria.

Mfano wa Marekani

Ili tofauti ionekane, yafaa kutazama kwanza nchi iliyoueneza utanzu wa shujaa. Superman alitokea katika jarida la Action Comics mwezi Juni 1938, na Batman akafuata katika Detective Comics mwezi Mei 1939. Mashujaa hawa walikuwa na upungufu mmoja wa kisanaa: hawakushindika. Mtu asiyeshindika hachekeshi, wala haogopewi kwa muda mrefu. Kwa sababu hiyo waandishi waliwazungushia wahusika wasaidizi. Robin, kijana wa kumfuata Batman, aliingia mwaka 1940. Jimmy Olsen, mwandishi wa habari chipukizi na rafiki wa Superman, alipewa jarida lake mwenyewe mwaka 1954.

Mwaka huohuo wa 1954 daktari wa akili Fredric Wertham alichapisha kitabu chake cha kuyashutumu majarida ya katuni kwamba yaliharibu watoto. Seneti ya Marekani ikaitisha vikao vya kusikiliza malalamiko, na wachapishaji, kwa kuogopa kubanwa na sheria, wakajiundia kanuni zao za maadili. Damu, vitisho na dhihaka kwa wenye mamlaka vilipigwa marufuku. Nafasi iliyobaki ilijazwa na mzaha. Hapo ndipo visa vya wasaidizi kushirikiana viliposhamiri. Katika toleo la 141 la jarida la World's Finest, la Mei 1964, Jimmy Olsen na Robin waliunda kikosi chao cha watu wawili na kupambanishwa na kikosi cha Superman na Batman, yaani mabwana wao wenyewe. Wasomaji walifurahia jambo lililo rahisi sana: watumishi wameungana, na kwa kurasa chache mabwana wanahangaika.

Mambo mawili yajitokeza hapa. Kwanza, mzaha wa wahusika wadogo ulistawi pale ambapo mambo mazito hayakuweza kusemwa waziwazi. Pili, kisa kilipokwisha kila mmoja alirudi mahali pake, msaidizi chini na shujaa juu. La kwanza linafanana na yaliyotokea Afrika Mashariki. La pili halifanani hata kidogo.

Juha, Kalulu na Chakubanga

Katuni ya Kiswahili iliyodumu kuliko nyingi, Juha Kalulu, ilianza kuchorwa na Edward Gitau nchini Kenya katikati ya miaka ya 1950, ikaendelea kwa miongo kadhaa, na wasomaji wa gazeti la Taifa Leo waliizoea kama walivyozoea chai ya asubuhi. Jina la mhusika huyo ni mkutano wa mapokeo mawili. Juha ni mjinga mashuhuri wa hekaya zilizoletwa na lugha ya Kiarabu, jamaa yake Abunuwasi. Kalulu ni jina la sungura katika lugha kadhaa za Kibantu za upande wa kusini, sungura yuleyule mwenye hila wa ngano za usiku. Mjinga na mjanja wamefungwa katika jina moja. Kabla hata ya picha ya kwanza kutazamwa, ushirikiano wa kichekesho umekwisha kuanza.

Nchini Tanzania, Christian Gregory alianza kumchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha. Uhuru lilikuwa gazeti la chama, nalo kurasa zake za mbele zilikuwa za viongozi, mikutano na miradi. Chakubanga alikuwa mtu wa kawaida katika gazeti la watu wakubwa. Mtu huyo wa pembeni alipata heshima ambayo hakuna waziri aliyeipata: jina lake likawa nomino ya kawaida. Watu waliokuwa hawana neno la kuutaja utanzu huu walisema vichakubanga, na wengi waliendelea kusema hivyo hata neno katuni lilipozoeleka na neno kibonzo lilipoingia katika matumizi rasmi. Wanafunzi wa isimu wanajua kwamba maneno hayazaliwi hivi kila siku. Hapa utanzu mzima ulichukua jina la mhusika mdogo.

Shujaa alikwenda wapi?

Haiwezi kusemwa kwamba wasomaji wa Afrika Mashariki hawakupenda mashujaa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 jarida la picha la African Film, lililotolewa na kampuni ya Drum, lilimleta Lance Spearman, mpelelezi mweusi mwenye kofia, sigara na magari ya fahari. Naye alikuwa na wasaidizi wake: Kapteni Victor wa polisi, binti Sonia na kijana Lemmy. Jarida lilikuwa la Kiingereza, lakini picha zilisomeka kwa lugha zote. Mfano huo ulichukuliwa mara moja na Waswahili. Faraji Katalambula, aliyekwisha kupata sifa kwa riwaya ya Simu ya Kifo ya mwaka 1965, alishiriki katika jarida la Film Tanzania lililosimulia visa kwa picha za kupigwa. Baadaye Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, mpelelezi anayeitumikia Afrika nzima katika vita vya ukombozi.

Kwa hiyo shujaa alikuwapo, ila alikaa katika riwaya na katika picha za kupigwa. Alipaswa kuonekana kama mtu wa kweli, mwenye suti ya kweli na bastola ya kweli. Katuni ya kuchorwa kwa mkono iliachiwa watu wengine: mfupi, mvivu, mbabaishaji, mtoto mtundu. Mgawanyo huu wa kazi una sababu yake. Katika miaka hiyo dola yenyewe ilikuwa imeshika simulizi la ushujaa, kwa nyimbo, gwaride na magazeti. Mchoraji aliyetaka kusema juu ya foleni ya sukari hakuwa na haja ya shujaa. Alihitaji mtu wa kusimama kwenye foleni hiyo, na mwingine wa kumpenyea mbele.

Jarida la Sani na miaka ya dhiki

Mtu huyo alipata makazi yake katika jarida la Sani, lililoanzishwa katika miaka ya 1980 na Said Bawji na Nico ye Mbajo, ambao silabi za kwanza za majina yao zimeunda jina la jarida. Miongoni mwa wachoraji wake wa mwanzo alikuwa Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Wahusika wa Sani waliishi baada yake, wakachorwa na mikono mingine, na majina yao hadi leo humfanya Mtanzania wa umri fulani atabasamu: Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Pimbi, Madenge.

Majina haya yafaa kusomwa kwa makini. Ndumilakuwili ni nyoka adhaniwaye kuwa na vichwa viwili, na kwa hiyo ni jina la mtu anayesema hivi huku na vile kule. Pimbi ni mnyama mdogo wa majabali, anayejulikana sana kwa watu wa Singida, ambako mawe makubwa yametapakaa hadi kando ya ziwa. Katika mazungumzo ni jina la kumkejeli mtu mfupi. Mhusika mwenye jina hilo alipewa udaktari wa mapenzi, yaani mambo makubwa kwa kimo kidogo. Madenge ni mtoto mtundu. Lodi Lofa ana jina lenye sehemu mbili zinazopingana: ya kwanza inasikika kama cheo cha bwana wa Kiingereza, ya pili ni neno la mkopo kwa mtu asiye na kazi wala senti. Ni mtanashati asiye na kitu.

Ucheshi wa jina hilo hauwezi kueleweka bila kukumbuka wakati wake. Mwaka 1983 serikali, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, iliendesha msako dhidi ya wahujumu uchumi. Mwaka huohuo ilitungwa sheria ya nguvukazi, iliyotaka kila mtu mwenye uwezo awe na kazi halali, na watu wa mjini walioonekana kuwa wazururaji walikamatwa na kupelekwa vijijini. Lofa halikuwa neno la mzaha mbele ya mgambo. Bidhaa zilikuwa adimu, nguo zilikuwa adimu zaidi, na biashara ya mitumba ilianza kurudi waziwazi katikati ya muongo huo vizuizi vya uagizaji vilipolegezwa. Katika hali hiyo, mwanamume aliyetembea mitaani akiwa amevaa kama lodi na mfukoni hana nauli hakuwa ndoto ya mchoraji. Alikuwa jirani.

Ikumbukwe pia kwamba Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 ilimpa waziri uwezo wa kulifungia gazeti. Kumchora kiongozi kulikuwa na hatari. Kumchora lofa hakukuwa nayo. Hapa ndipo ufanano na Marekani ya baada ya 1954 unapojitokeza. Lakini kule wahusika wadogo waliburudisha wakati shujaa amepumzika. Huku hapakuwa na shujaa wa kurudi. Ndumilakuwili akimlaghai Lodi Lofa, hayupo wa juu yao atakayekuja kusawazisha mambo. Wadogo walikuwa peke yao, na walilazimika kumalizana wenyewe.

Kanuni ya pwagu na pwaguzi

Je, walimalizana vipi? Waswahili walikuwa na jibu kabla ya katuni kuwapo. Methali husema pwagu hupata pwaguzi: mwizi au mjanja hukutana na mjanja kumzidi. Redio Tanzania Dar es Salaam iliichukua methali hiyo na kuifanya mchezo wa kuchekesha, Pwagu na Pwaguzi, uliosikilizwa hadi vijijini na kukumbukwa na vizazi kadhaa. Watu wawili wanapanga hila. Hila inafanikiwa nusu. Tamaa inaingia, kila mmoja anataka kumzidi mwenzake, na mwisho wote wawili wanatoka mikono mitupu, kesho yake wakaanza upya.

Kanuni hiyo ndiyo inayoongoza ushirikiano wa wahusika wa katuni. Haina ushindi, wala haina adhabu ya kudumu. Kwa sababu hiyo inatofautiana na ngano ya kufunza, ambayo mwishoni humwadhibu mkosaji, na pia na kisa cha shujaa, ambacho humtukuza mshindi. Inakaribiana zaidi na utani.

Utani, kwa maana yake ya kijamii, si mzaha wa hivihivi. Ni haki na wajibu. R. E. Moreau aliuandikia utani wa makabila ya Tanganyika mwaka 1944, na baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikusanya habari zake kwa mapana. Watani huruhusiwa kutukanana, kunyang'anyana na kudhihakiana hata msibani, na mtu haruhusiwi kukasirika. Lakini watani haohao hulazimika kusaidiana katika maziko na katika dhiki. Wanyiramba na Wanyaturu wana watani wao Wasukuma na Wanyamwezi, watu waliopita na kukaa katika njia hiihii inayopita Iguguno. Msomaji wa mahali hapo, akifungua jarida na kumwona Pimbi akidhihakiwa kwa ufupi wake na mtu ambaye kesho yake atashirikiana naye katika mpango mwingine, hakuhitaji kufundishwa kanuni za utanzu. Alizijua kutoka msibani na harusini.

Hili ndilo linalosaidia kueleza kwa nini katuni za Kiswahili zilizojengwa juu ya jozi na vikundi vya wahusika wadogo zilipokelewa kwa urahisi hivyo. Umbo lake la nje lilitoka ng'ambo: visanduku vya picha, maneno ndani ya puto, alama za mshtuko. Uhusiano baina ya wahusika ulikuwa wa hapa.

Msomaji na lugha yake

Katika miaka ya 1970 Tanzania ilifanya kampeni kubwa ya kufuta ujinga. Takwimu za serikali zilionyesha kwamba watu wazima wasiojua kusoma walikuwa asilimia 39 mwaka 1975 na asilimia 27 mwaka 1977. Mwaka huo wa 1977 ndipo mpango wa elimu ya msingi kwa wote, uliotokana na Azimio la Musoma la 1974, ulipoanza kutekelezwa nchi nzima. Wakati uohuo operesheni vijiji ilikuwa imewahamisha watu wengi wa mikoa ya kati na kuwaweka karibu na barabara. Matokeo yake yalikuwa kizazi kizima kilichojua herufi lakini kisicho na kitu cha kusoma.

Kwa msomaji mpya, katuni ina fadhila moja ambayo kitabu hakina. Neno asilolijua anaweza kulikisia kwa kuitazama picha. Zaidi ya hayo, lugha ya katuni ilikuwa ya mazungumzo: maneno ya kukatiza, viapo, milio, matusi ya kirafiki, misimu ya Dar es Salaam. Kiswahili cha darasani, kilichosanifiwa tangu Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 na kusimamiwa na BAKITA tangu 1967, kilimfundisha mtoto wa Iguguno namna ya kuandika barua ya maombi. Hakikumfundisha namna ya kumjibu kondakta wa basi. Katuni ilifanya hivyo. Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling, walipochapisha utafiti wao juu ya lugha ya mitaani nchini Tanzania mwaka 2006, walionyesha jinsi lugha hiyo ilivyo hai na jinsi inavyobadilika haraka. Neno la mtaani hufa upesi. Likisha kufa, pa kulitafuta ni pachache, na katuni ya zamani ni mojawapo.

Zaidi ya msamiati, kuna adabu ya mazungumzo. Wahusika wawili wanaopanga hila huitana kwa majina ya undugu wasionao, hupeana heshima ya uongo, hukatizana, hubembelezana. Mtafiti wa pragmatiki akitaka kujua namna watu wasio na cheo walivyoongea wenyewe kwa wenyewe katika miaka ya 1980, hotuba hazitamsaidia, wala mahojiano ya redio. Shujaa huhutubia. Wahusika wadogo huzungumza.

Hitimisho

Imekuwa desturi kuviona visa hivi kuwa vitu vya kupitisha muda, na dharau hiyo imekuwa na gharama. Majarida ya katuni yalichapwa kwenye karatasi duni ya magazeti, yakauzwa kwa bei ndogo, yakaazimwa mkono kwa mkono, na mwisho yakafungia karanga. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1967, mwaka aliozaliwa Chakubanga, lakini mazoea ya kuthamini kilichojalidiwa kuliko kilichobanwa kwa pini yamewafanya wasomi wenyewe wasidai kwamba karatasi hizo zitunzwe. Waliozitunza mara nyingi ni wasomaji, ndani ya masanduku ya nguo, katika miji midogo ambako jarida lilikuwa haba na kwa hiyo halikutupwa upesi.

Kutoka hapo yafuata mambo mawili kwa wanafunzi wa taaluma za Kiswahili. Kwanza, historia ya utanzu huu haiwezi kuandikwa Dar es Salaam peke yake. Nakala na kumbukumbu zake huenda zikapatikana Iguguno, Nzega au Manyoni kuliko katika rafu za chuo. Pili, kazi hiyo ina muda. Waliokuwa watoto mwaka 1983 sasa wamevuka miaka hamsini, na wao ndio wanaoweza kueleza ni neno gani lilichekesha na kwa nini.

Jimmy Olsen na Robin wamehifadhiwa. Toleo lao la mwaka 1964 limechapwa upya, limeorodheshwa, na mtu yeyote aweza kulisoma leo. Lodi Lofa na Ndumilakuwili walisomwa na watu waliojifunza kusoma kwa shida, katika miaka ambayo kucheka hakukuwa rahisi, na hawana hifadhi ya namna hiyo. Sanduku moja la nguo likichomwa au kuliwa na mchwa, hupotea sehemu ya Kiswahili ambayo hakuna kamusi iliyoiandika.